Ni CNA, mgongo umechoka: nisomee MA au ningoje unesi?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, niko huku Kent, jimbo la Washington, mwaka wa tatu sasa. Nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nasing homu ya wazee shifti ya usiku, mgongo umeanza kunisumbua na nina mtoto wa miaka 4. Kuna shule ya binafsi imenipigia simu, wanasema miezi 4 tu kwa mtandao nakuwa MA, yaani medikali asistanti, msaidizi wa daktari kliniki, dola 15,000 na kitu, na eti hiyo ndo hatua ya kwanza ya kuwa nesi. Ninavoogopa ni viwili, kutoa watu damu na Kiingereza changu. Nijiunge? Na kazi yenyewe ikoje hasa?

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni MA mwaka wa 11 sasa, hapa hapa Washington, na miaka ya karibuni wanafunzi wakija kliniki kwetu mimi ndo napewa niwasimamie, kwa hiyo hili sikujibu kwa kusikia. Nilitoka Tanga nikaanza na CNA kama wewe, huo mgongo unaousema naujua ulipo.

Nianze na hilo la "hatua ya kwanza ya unesi" manake ndo limenikera kuliko yote. Sio kweli, na wanaokwambia wanajua kwamba sio kweli. Umedikali asistanti na unesi ni njia mbili tofauti, kwa kawaida hazikutani mbele. Ukitaka kuingia programu ya unesi, iwe LPN, nesi wa daraja la chini, au hasa RN, nesi kamili, watakuuliza masomo kama anatomia na fiziolojia, maikrobayolojia, kemia, takwimu, Kiingereza cha kuandika, na ukiwaletea cheti cha MA watakwambia hongera alafu watakuuliza tena yale masomo yako wapi. Kozi nyingi za MA zinafundishwa kama ufundi, krediti zake hazihamishiki. Nimeona wadada wawili watatu wamemaliza MA wakiwa na deni alafu wakaenda kuanza moja unesi, ule mwaka mzima na zile hela zote hazikuwapunguzia hata somo moja. Ujuzi ulibaki nao, hilo nakubali, ila muda umeshaenda.

Kwa hiyo jiulize kwanza kitu kimoja. Kama moyo wako uko kwenye unesi, baki CNA, omba shifti ya mchana au hamia hospitali ambako kuna mashine za kunyanyulia wagonjwa, na uanze hayo masomo moja moja jioni pale komyuniti koleji. MA uisomee kwa sababu unaitaka kazi ya MA yenyewe. Ni kazi nzuri, mimi naipenda na sijawahi kujuta, ila niliichagua nikijua ni nini.

Hela tuizungumze wazi. Takwimu za wizara ya kazi za 2023 zilionyesha MA wa katikati Marekani nzima anapata dola 42,000 kwa mwaka, CNA kama 38,000, LPN karibu 60,000 na RN kama 86,000. Washington MA analipwa juu kuliko majimbo mengi. Sasa ukiangalia 38 na 42 utasema afadhali, lakini wewe unafanya usiku, una nyongeza ya usiku, na nina hakika wikiendi unapiga dabo. Kliniki nyingi zinafungwa jioni, hazina usiku na ovataimu ni ya kubahatisha, kwa hiyo kuna uwezekano mwaka wa kwanza mshahara ukishuka badala ya kupanda, na nyumbani michango haisubiri. Piga hesabu hiyo mapema kabla hujasaini chochote. Utakachopata badala yake ni kulala usiku na mwanao na kutonyanyua mtu mzima wa kilo 100 peke yako, na kwa mtu mwenye mtoto wa miaka 4 hicho sio kitu kidogo.

Kazi yenyewe sasa. Saa mbili kasoro robo asubuhi tumeshafika, tunaangalia orodha ya wagonjwa wa siku, nani anahitaji chanjo, nani majibu ya maabara hayajarudi. Mtu anaangalia friji ya chanjo na kuandika joto lake, lazima liwe kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi, likitoka hapo chanjo zinaweza kuharibika zote, kwa hiyo kale kakaratasi ka friji sio ka kujaza kwa mazoea. Wagonjwa wanaanza kuingia kila dakika 20. Unamwita, unahakikisha jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kila mara, hata kama unamjua na jana mlikutana sokoni. Uzito, presha, mapigo, joto, oksijeni. Dawa anazokunywa, moja moja, na kama anazinywa kweli. Mzio. Kilichomleta. Yale maswali mawili ya kuangalia kama mtu ana sonona. Unaandika yote kwenye chati, unatoka, daktari anaingia. Akitoka anakuachia kazi, mchome huyu chanjo, mpime yule EKG, kipimo cha umeme wa moyo, mtoe huyu damu, mkojo wa huyu uupime kwa kijiti. Katikati ya hayo simu zinaita, mtu dawa zimeisha anataka rifili, bima imekataa kulipia dawa mpaka ijazwe fomu ya idhini, hospitali haijatuma ripoti. Wengi wanadhani MA ni sindano na presha, mimi nakwambia nusu ya siku ni kompyuta na simu, na asiyependa kompyuta atachoka haraka kuliko anayeogopa damu.

Nikupe mfano wa presha manake wanafunzi wanaidharau. Kuna bibi mmoja Mkongo alikuja, kavaa kitenge na sweta zito juu, kachelewa basi kwa hiyo kapanda ngazi mbiombio, na huku anaongea na simu na mwanae. Mwanafunzi wangu akamfunga mkanda juu ya sweta, miguu bibi kaipachika mmoja juu ya mwingine, simu bado sikioni. 178 kwa 96. Mwanafunzi akataka kuiandika. Nikamwambia subiri. Tukamwomba bibi akate simu, tukamvua sweta mkono mmoja, akaegemea kiti, nyayo zote mbili chini, mkono ukalala mezani usawa wa moyo, na tukanyamaza dakika 5, kweli kunyamaza. Nikabadilisha na mkanda wenyewe, ule wa kwanza ulikua mdogo kwa mkono wake, na mkanda mdogo unapandisha namba. Ikaja 144 kwa 86. Ukiangalia utaona ni namba tu, lakini ile ya kwanza ingemfanya daktari aongeze dozi ya dawa, na bibi wa miaka 70 akiongezwa dawa ya presha asiyoihitaji anaweza akaamka usiku kwenda chooni akaanguka akavunjika nyonga. Daktari anaamua kwa namba ulizomwandikia wewe. Hapo ndo uzito wa kazi ya MA ulipo.

Ujue pia mpaka wako uko wapi. MA haambii mgonjwa ana ugonjwa gani, hamfasirii majibu ya maabara, na hampi ushauri wa kutoka kichwani mwake kwamba acha dawa hii au ongeza ile. Mgonjwa akipiga simu anasema kifua kinabana, wewe huamui kama ni gesi au ni moyo, unampeleka kwa nesi au daktari sasa hivi hivi, huandiki meseji na kuiacha kwenye foleni. Na wagonjwa watakuita nesi, watu wetu ndo kabisa, wakikuona tu na skrabu, zile sare za kliniki, ushakuwa nesi au dokta. Warekebishe kwa upole kila mara, mimi ni MA. Jina nesi hapa linalindwa na sheria, ukilikubali kimyakimya unajiweka pabaya, na nyumbani vilevile, kwenye msiba au kanisani mtu atakuletea dawa zake akuulize, mwambie apige simu kliniki kwake. Nakujua wewe ni mtu wa Mombasa utaona haya kumkatalia mtu mzima, lakini hapo ukatae.

Kosa langu mimi nitakusimulia ujue nasema nini. Mwaka wangu wa pili, kliniki fulani, mtoto wa miaka 5 kaja kwa chanjo. Kuna chanjo mbili za pepopunda majina yanakaribiana sana, DTaP ni ya watoto chini ya miaka 7, Tdap ni ya kuanzia 7 na watu wazima. Boksi zilikua zimekaa rafu moja kwenye friji. Nikachukua Tdap, nikaivuta, nikaiweka kwenye trei, na nilikua nimesoma lebo, naapa niliisoma, ila nilisoma nilichotarajia kuona. Nesi aliyekua anahakiki pamoja na mimi ndo akaiona. Nilitetemeka siku nzima. Tangu siku hiyo lebo naisoma mara 3 kwa sauti, nikiitoa, nikiivuta na kabla sijaingia kwa mgonjwa, na boksi hizo mbili kokote nifanyapo kazi nazitenganisha rafu. Ukifika kliniki ukakuta hakuna mtu wa kuhakiki na wewe chanjo za watoto, uliza kwanini.

Turudi kwenye shule sasa. Marekani hakuna sheria moja ya nchi nzima kuhusu MA, kila jimbo na lake. California kwa mfano sheria haidai cheti cha kitaifa, inadai mafunzo. Washington ni kali zaidi, tangu 2013 huwezi kufanya hii kazi bila kibali cha idara ya afya ya jimbo. Unachotaka wewe ni kibali kinachoitwa MA-Certified. Hicho kinadai vitu viwili, umalize mafunzo yanayokubalika na jimbo, alafu ufaulu mtihani mmoja wa kitaifa. Kuna na MA-Registered ambayo mwajiri anakuidhinisha mwenyewe, ila kazi unazoruhusiwa ni chache zaidi na kibali kimefungwa kwa huyo mwajiri, ukihama kinabaki. Sio mbaya kuanzia, ila usije ukakaa nacho ukadhani umefika.

Mitihani iko kadhaa, kila mmoja na shirika lake. CCMA ni ya NHA, CMA ni ya AAMA ambayo ni chama cha tangu 1956, RMA ni ya AMT, na kuna NCMA. Watu watabishana ipi bora mpaka asubuhi. Kwa mtu kama wewe mimi naona CCMA inatosha, kliniki nyingi hapa zinaikubali bila maneno. Ni maswali 180, masaa 3, katika hayo 30 hayahesabiwi ila hujui ni yapi, na ili ufaulu unahitaji alama 390 kwenye mizani yao inayoishia 500. Kila miaka 2 unahuisha kwa krediti 10 za kujiendeleza. CMA inaheshimika sana lakini njia yake ya kawaida inataka umalize shule iliyoidhinishwa na CAAHEP au ABHES, mashirika ya kukagua shule, kwa hiyo ukiwaza huko, shule ndo inaamua kabla yako.

Na hapo ndo nakuja kwa hiyo shule iliyokupigia. Sijaijua jina na sitaki kuijua, ila kabla hujatoa hata dola 100 wapigie uwaulize maswali haya, na uwaambie wakujibu kwa barua pepe sio kwa simu. La kwanza, je mafunzo yenu yanatosheleza kibali cha MA-Certified cha Washington, masaa mangapi ya darasani na mangapi ya fildi? Nyie Kenya mnaita atachmenti. Jimbo linataka kozi ya masaa yasiyopungua 720 na ndani yake fildi isiyopungua masaa 160, na hapo ndo miezi 4 ya mtandao inaponitia wasiwasi, manake masaa 720 kwa miezi 4 ni zaidi ya masaa 40 kwa wiki juu ya shifti zako za usiku. Nani anakaa hivyo na mtoto? La pili, fildi mnanitafutia nyinyi au najitafutia mwenyewe? Hili ndo linaua watu. Kuna shule zinakufundisha vizuri kwenye skrini alafu mwisho zinakwambia nenda kaombe kliniki ikupokee, na kliniki haziwapokei watu wasio na mkataba na shule kwa sababu ya bima na dhima, kwa hiyo unabaki na video na deni. La tatu, wangapi kati ya wanafunzi wa mwaka jana wamefaulu mtihani na wangapi wamepata kazi? Akianza kukuzungusha kwa maneno mengi, ushajibiwa.

Usidhani nawachukia wa binafsi bure. Ile kampuni ya Corinthian iliyokua na vyuo vya Everest ilifundisha MA nchi nzima, ilifungwa 2015 ghafla wanafunzi wakiwa madarasani, na 2022 serikali ikafuta madeni ya waliosoma kwao, watu kama 560,000, dola bilioni 5.8. Ni watu kama sisi, wafanyakazi, wazazi, wahamiaji, waliopigiwa simu kama ulivyopigiwa wewe. Komyuniti koleji za hapa Kusini mwa King County zina kozi za MA, zinachukua karibu mwaka, bei yake huwezi kuilinganisha na hiyo 15,000, na ukiwa na grinkadi unaweza kujaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, ukaangalia kama unapata Pell Grant, ruzuku ambayo hairudishwi. Na kuna njia ya tatu ambayo watu wetu hawaijui, uanagenzi, yaani kituo cha afya kinakuajiri, unalipwa huku unasoma, na mwisho unafanya mtihani. Vituo vya afya vya jamii vya jimbo hili vinao. Nafasi ni za kugombania na zinatangazwa kwa kipindi, ila wewe una CNA na una Kiswahili, wewe ni mtu wanayemtafuta. Kama ningekua naanza leo ningeanza na huko.

Fildi haina malipo kwenye njia za kawaida, masaa 160 ni wiki 4 za mchana mzima. Weka akiba ya mwezi mmoja kabla hujafika hapo. Wanafunzi wangu wanaoshindwa karibu wote hawashindwi masomo, wanakuja wametoka shifti ya usiku saa moja asubuhi, saa mbili wako kwangu, saa nne macho yanafumba. Siwezi kumpa mtu wa hivyo sindano.

Jambo jingine la kushughulikia mapema ni chanjo zako. Shule itataka ushahidi wa surua, tetekuwanga, homa ya ini B na TB kabla hujagusa mgonjwa. Mpigie mama atafute ile kadi yako ya kliniki ya utotoni, apige picha. Ikikosekana usianze kuchanjwa upya kila kitu, omba kipimo cha damu cha kuangalia kinga, unaweza kukuta surua na tetekuwanga kinga unayo tayari. Homa ya ini B anza sasa, chanjo ya kawaida ni dozi 3 zinazochukua miezi 6, na kwa vile tayari wewe ni CNA unayegusana na damu, mwajiri wako anatakiwa akupe bure. TB ndo yenye mtego. Sisi wote tulichomwa BCG, chanjo ya TB, tukiwa wachanga, wewe wa Kenya una lile kovu mkono wa kushoto. Wakikupima kwa kile kisindano cha ngozi, mkono unaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, alafu unapelekwa eksirei, unaulizwa maswali, wengine wanaandikiwa dawa za miezi. Waambie mapema ulipata BCG na uombe kile kipimo cha damu cha TB, hicho hakidanganywi na BCG. Kikitoka chanya basi lichukulie kwa uzito utibiwe, sikwambii ukwepe, nakwambia upimwe kwa kipimo kinachokufaa.

Sasa hofu yako ya damu. Kila mtu anaogopa na asiyeogopa siku ya kwanza mimi ndo namuangalia zaidi. Siku yangu ya kwanza ya fildi nilipewa mzee mwembamba, mishipa imejaa mkono mzima inaonekana kama mizizi, nikasema huyu rahisi. Nikachoma, mshipa ukakimbia pembeni, nikatoka mtupu. Aliyekua ananifundisha, mama mmoja Mfilipino, akaniambia funga macho. Akachukua kidole changu cha shahada akakiweka kwenye kiwiko cha yule mzee kwa ndani, katikati kidogo, ambako hakukua na mshipa wowote wa kuonekana. Bonyeza achia, bonyeza achia. Nikausikia, kitu kinabonyea na kurudi laini kama mpira uliojaa maji, umekaa chini kabisa umetulia. Ile ya juu inayoonekana kwa wazee mara nyingi haijashikiliwa na kitu inateleza, wa kuchoma ni ule unaousikia. Macho yanakudanganya, kidole hakikudanganyi. Basi nikavuta ngozi chini kwa dole gumba ili mshipa utulie, sindano tundu juu, nyuzi kama 15 hadi 30, nikaingia. Damu ikaja.

Mengine ni utaratibu unaoufuata bila kuruka. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja, ukizidi majibu yanabadilika. Tyubu zina mpangilio wa rangi, bluu hafifu kwanza, alafu nyekundu au dhahabu, kijani, zambarau, mwisho kijivu, na usikariri kama wimbo bila kujua kwanini. Zambarau ina dawa ya kuzuia damu kugandana yenye potasiamu, ukiitanguliza alafu ukaja kwenye dhahabu, chembe kidogo ikiingia huko potasiamu ya mgonjwa itasomeka juu na kalsiamu chini, daktari anashtuka, mgonjwa anapelekwa emajensi usiku na hana kitu. Bluu lazima ijae mpaka mstari, ikipungua kipimo cha kugandana kwa damu kinakua cha uongo. Ukikosa mara 2 simama, muite mwenzako, sio aibu, hiyo ndo kanuni ya kliniki nyingi na mimi mpaka leo naifuata. Na lebo unabandika hapo hapo mbele ya mgonjwa, hutoki na tyubu zisizo na jina mkononi hata hatua moja.

Kiingereza chako. Umeniandikia kwa Kiswahili kwa hiyo sijakisikia, ila umefanya CNA mwaka wa tatu huku, unaripoti, unaandika chati, basi unacho cha kutosha. Lafudhi sio tatizo, tatizo ni namba kwenye simu. 15 na 50 kwa Kiingereza cha simu mbovu zinafanana, hata kwa wazawa. Taja tarakimu moja moja, moja tano, tano sifuri, alafu mwambie akurudishie. Majina ya dawa yasome herufi kwa herufi. Jifunze tofauti ya miligramu na maikrogramu mpaka uiote. Hiyo ni tabia ya usalama ambayo kila mtu anatakiwa awe nayo, wewe utakua nayo mapema tu kwa sababu unaogopa.

Na Kiswahili chako ni mali, ila kuna namna wanavyoweza kukitumia vibaya. Siku ya pili tu kazini watakugongea mlango, njoo ututafsirie kuna mgonjwa anaongea lugha yako. Sheria ya haki za raia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha ile sheria ya Obamacare ya 2010 zinampa mgonjwa haki ya mkalimani aliyefuzu, bure, na kuongea lugha nyumbani hakukufanyi uwe umefuzu. Waambie wakupime, wakupeleke kwenye mafunzo ya ukalimani wa hospitali, yale ya msingi ni masaa 40, na wakuongeze kitu kwenye mshahara, sehemu nyingine wanalipa na sehemu nyingine wanasubiri uombe. Kwa sababu Kiswahili chetu sio kimoja. Mimi mtu wa Tanga nikisema nina homa, mwili unachemka. Kwenu Kenya mtu akisema ana homa mara nyingi ni mafua tu. Mkongo anakwambia ana tansiyo, ukimtafsiria Mmarekani neno lilivyo ataandika ana wasiwasi, kumbe anasema presha. Anakwambia palu, ni malaria. Mzee anakwambia dawa ya presha "nimemaliza", na anamaanisha amepona, zile vidonge 30 alizimaliza akaacha, hakujua ni za kila siku maisha yake. Hicho ukikinasa umefanya kazi ambayo mashine ya tafsiri haiwezi, lakini uinase ukiwa umefundishwa na ukiwa umelipwa, na wakati unatafsiri usiwe huku unaandaa chanjo za mgonjwa wa chumba kingine.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako, hiyo shule ya miezi 4 kwa ulivyonieleza mimi nisingejiunga. MA yenyewe, kama umesoma mpaka hapa na bado unaitaka, ndio, isomee. Wiki hii fanya mawili tu. Piga simu komyuniti koleji iliyo karibu na wewe uulize kozi ya MA inaanza lini na foleni ikoje, alafu ingia tovuti za vituo vya afya vya jamii vya hapa King County uangalie uanagenzi unafunguliwa mwezi gani. Na hao waliokupigia watumie yale maswali matatu kwa barua pepe, wakikujibu nitumie majibu yao nikusomee kabla hujasaini.